Bushi ya Kushoto

Siku ya mnada Dongobesh hakuna anayesikilizana na mwenzake. Mbuzi wanalia, wauza mitumba wanaita, na wauza dawa za mifugo wanashindana kwa vipaza sauti. Katika vurugu hiyo yote Letisia alisikia kitu kimoja tu: kwii, kwii, kwii, kutoka nyuma ya pikipiki iliyokuwa inapita mbele ya banda lake.

"Wewe kaka! Simama! Utaiua hiyo pikipiki!"

Mwenye pikipiki akasimama. Alikuwa kijana mrefu mwenye sweta la kijivu, na kola ya shati lake ilikuwa bado nyeupe, jambo gumu kwa mtu aliyepita barabara zile. Nyuma amefunga kasha la chanjo. Jina lake Dionis, muuguzi, mtu wa Rombo, na katika zahanati aliyopangiwa huko juu ya mji alikuwa hajamaliza hata miezi miwili.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza akichungulia ndani.

"Unaongea naye."

Dionis akamtazama vizuri. Ovaroli ya bluu, mikono imekunjwa hadi viwiko, kilemba cha kitenge cha njano, na doa la grisi shavuni ambalo kwa maoni yake lilikuwa limekaa mahali pake kabisa. Alitaka kusema neno la maana.

"Aisee," akasema.

"Aisee siyo jibu. Bushi za nyuma zimekauka. Grisi umeweka lini mara ya mwisho?"

"Kwani na huko inawekwa?"

Letisia akacheka mpaka muuza vitunguu wa jirani akageuka. Kisha akachuchumaa, akamwonyesha. Mkono wa nyuma unaobeba tairi unapanda na kushuka juu ya bolti moja, na bolti hiyo imekaa ndani ya bushi mbili, ya kulia na ya kushoto. Zikikosa grisi, chuma kinakula chuma. "Halafu mtu analaumu shokapu. Shokapu inaonewa bure."

"Na mimi naonewa," alisema Dionis. "Nimekuja kununua mkaa tu."

Akaondoka bila mkaa, akiwa na namba ya simu.

Kuanzia hapo kila Jumamosi alikuja. Mara cheni imelegea, mara breki hazishiki, na mara nyingine pikipiki ilikuwa nzima kabisa na mgonjwa alikuwa yeye. Walikula mahindi ya kuchoma wamekaa juu ya tairi kuukuu, Dionis akimfundisha maneno ya Kichaga, Letisia akimfundisha ya Kiiraqw na kumcheka alivyoyavunja.

Tatizo likaja Jumamosi moja. Dionis alifika kimya, kwa kuwa pikipiki ilikuwa imetengenezwa vizuri mno. Akaona miguu ya Letisia ikichomoza chini ya trekta, akaogopa kumsumbua, akaondoka. Letisia alipoambiwa na muuza vitunguu, aliumia kweli. Alikuwa amemsubiri tangu asubuhi.

Ndipo akafanya jambo ambalo fundi hafanyi. Siku ya kuweka grisi aliifungua bolti, akasafisha bushi zote mbili kwa petroli, akaijaza ya kulia. Ya kushoto akaitazama kidogo, akairudisha kavu.

"Kila Jumamosi nitaikagua," alijiambia. "Ikianza kulegea, naibadilisha siku hiyohiyo."

Tangu hapo mlio ulimtangulia Dionis kutoka kona ya juu. Letisia alipata muda wa kunawa uso na kuvaa hereni.

"Nakuja, mpenzi," Dionis angesema kwenye simu.

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nina masikio."

Halafu Dionis akapelekwa Endasak, chini ya mlima Hanang, kusaidia kampeni ya chanjo. Wiki moja ikawa tatu. Wakubwa wakampenda, wakampa barua ya uhamisho abaki hukohuko: aijibu kufikia Jumatatu. Aliposema habari hiyo kwenye simu, Letisia aliweka spana chini.

"Utakubali?"

"Nitakataa, mama. Nina fundi wangu huko."

Lakini Alhamisi simu ilikuja na sauti nyingine.

"Letisia, nimeanguka."

"Mungu wangu! Umeumia?"

"Goti tu. Pikipiki iliyumba nyuma, kasha likaruka mtaroni. Fundi wa hapa, mzee Hermani, ameifungua. Bushi ya kushoto haina hata tone la grisi. Ya kulia imejaa. Nini hiki?"

Letisia aseme nini? Kwamba alimharibia pikipiki ili amsikie akija? Mjini pale alipigania miaka mitano aitwe fundi, na siyo "yule dada wa spana."

"Nilisahau," akasema.

"Unasahauje upande mmoja? Hermani anasema ni mchezo wa mafundi, ili mteja arudirudi."

"Basi baki na Hermani wako!"

Akakata. Akajuta kabla skrini haijazima.

Ijumaa ilimshinda. Alisafisha plagi moja mara tatu. Toroli la muuza maji likilia barabarani, anasimama. Geti la shule likilia, anasimama. Alipiga simu mara nne, haikupokelewa. Jumamosi alfajiri akafunga banda, akatia kopo la grisi kwenye begi, akawasha pikipiki yake, akashuka mteremko wa Dareda huku upepo wa baridi ukimtoa machozi, au ndivyo alivyojiambia.

Zahanati ya Endasak ilikuwa imejaa akina mama na watoto. Dionis alikuwa mlangoni na sindano mkononi, goti limefungwa bandeji, na nje mzee Hermani alikuwa bado ameinama kwenye ile pikipiki. Letisia akawapita watu wote akaenda moja kwa moja.

"Dionis, nisikilize..."

"Binti!" Bibi mmoja kwenye benchi aligonga fimbo yake chini. "Shikamoo umeiacha wapi?"

Zahanati nzima ikageuka. Letisia akarudi nyuma, akaanza mwanzo wa benchi. Shikamoo bibi. Shikamoo mama. Shikamoo baba. Watu kumi na mmoja, na bibi mwenye fimbo akamuuliza na habari za nyumbani, za mvua na za ng'ombe. Akajibu zote. Akamalizia kwa Hermani.

"Marahaba," alisema Hermani. "Ndiye wewe wa bushi kavu?"

"Ndiye mimi." Sasa kila mtu alikuwa anasikiliza, na hapakuwa na pa kujificha. "Na sikusahau. Niliiacha kavu makusudi. Nilitaka nimsikie akija. Nilikuwa naikagua kila Jumamosi, mpaka alipoletwa huku. Dionis, nusura nikuue kwa sababu ya mlio. Nisamehe."

Hermani akavua kofia. "Miaka thelathini ya ufundi," alisema, "hilo sijawahi kulisikia."

Dionis aliweka sindano kwenye sinia, akatoka akichechemea, akachuchumaa, akashika tairi. "Fungua," alisema.

Letisia akachomoa bolti. Hermani akatoa bushi mpya. Letisia akaijaza grisi ya kopo lake mpaka ikafurika, akapaka na bolti yote, akarudisha, akakaza. Dionis akasukuma kiti chini mara tatu. Pikipiki ilipanda na kushuka kimya kabisa.

"Kitambaa," Letisia alisema bila kumtazama.

Dionis akaingiza mkono mfukoni, akampa karatasi. Letisia alikuwa ameshafuta vidole vitatu alipoona mhuri.

"Hii si barua ya uhamisho?"

"Ilikuwa."

Alicheka na kulia kwa pamoja. "Sasa nitajuaje unakuja? Hailii tena."

"Jumamosi ijayo nakuja kwenu na baba zangu wadogo wawili kutoka Rombo, wazungumze na wazee wako." Dionis alimfuta grisi shavuni kwa kidole, akaieneza zaidi. "Hao, mpenzi, utawasikia tangu Dareda."