Kisahani cha Mama

Kila jioni akirudi kutoka shuleni, Pini alipitisha sumaku sakafuni kuokota pini zilizodondoka chini ya cherehani ya mama yake. Ndiyo maana wakamwita Pini. Kisha alipakua chakula. Zamani walikula sahani moja, wakigombania ukoko mpaka mbavu ziwaume kwa kicheko.

Siku hizi mama alikula kwenye kisahani cha kikombe. Unene, kisukari na maumivu ya magoti vilikuwa vimemzidi, akapasuliwa, tumbo likapunguzwa. Vijiko vinne, vitano, basi. Alitafuna taratibu mno, Pini akamaliza chake na kuondoka. Mama aliyapunguza magauni yake, kisha akayapunguza tena.

"Mama yako anayeyuka kama sabuni," mwenzake alimwambia darasani. "Huo si ugonjwa huo?"

Wengine walicheka. Pini aliinamia daftari lake. Baba yake naye alianza kwa kukataa chakula.

Jioni hiyo alikificha kisahani kwenye kapu la vitambaa, akajaza wali na nyama kwenye sahani yao ya zamani.

"Kisahani changu kiko wapi?"

"Sijui."

"Pini!"

"Kula hapa, mama! Baba naye alisema 'nimeshiba, nimeshiba' mpaka tukamzika. Kama unanipenda, kula."

Mama aliivuta sahani. Akashika kijiko, akala. Alikula harakaharaka kama zamani, na Pini akatabasamu.

Tabasamu halikudumu. Jasho lilimtoka mama, akashika kifua, akakimbilia uani kutapika. Alipojaribu kusimama, miguu ilikataa. Pini alipiga kelele, jirani akaja mbio, wakampeleka zahanati.

"Nani alimpakulia mlima wote huo?" muuguzi aliuliza.

"Mimi." Pini alikuwa akilia kwa kwikwi. "Nilificha kisahani chake. Nikasema sijui, na nilijua. Atakufa?"

"Hafi. Tumbo lake sasa ni dogo, halipokei vingi wala vya haraka. Anakula kidogokidogo, mara kadhaa kwa siku, maji anakunywa baadaye, na vidonge vyake vya vitamini haachi. Kukonda kule ndiko kupona kwenyewe."

Pini alikaa ukingoni mwa kitanda, hathubutu kumtazama mama usoni.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini mimi mtu mzima nilijua, nikala ili usilie. Ujinga! Tena sikukueleza kitu tangu nitoke hospitali, nikadhani unaelewa. Kumbe ulikuwa unanizika kila jioni." Mama alimfuta machozi kwa kidole chenye sugu ya sindano. "Haya, niambie. Gauni nililolipunguza, mtu akilivaa kwa nguvu?"

"Mshono unafumuka."

"Basi mimi nimeshonwa upya. Usinifumue."

Alipopata nafuu, walikula tena sahani moja. Upande wa mama kulikuwa na vijiko vinne tu. Pini aliutazama ule uwazi katikati ya sahani, machozi yakamlengalenga. Alimaliza upande wake, lakini safari hii hakuondoka. Alikaa, akamsubiri mama atafune.

"Ukoko wote wako leo," mama alisema. "Hakuna wa kugombana naye."

"Sitaki wa bure."

Mama alicheka, kisha akamshika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Ukiogopa, uliza, usifiche wala usidanganye. Na mapenzi yangu usiyapime kwa sahani. Nakula kidogo ili nikae nawe sana."