Dakika Kumi na Nne za Cherehani

Shuleni waliniita Cherehani. Si kwa sababu nilijua kushona; hata kifungo cha shati kikitoka nilimpelekea mama. Ni miguu yangu. Nikikaa kwenye dawati tu, miguu inaanza kukanyaga sakafu, paa, paa, paa, kama mtu anayeshona nguo za ukoo mzima, mpaka dawati linatikisika na jirani yangu anaharibu mwandiko. Walimu walinisema wee mpaka wakachoka. Kusubiri kitu chochote kulinikera. Foleni ya maji ilinikera, chai ya moto ilinikera, na hata mstari wa kuingia darasani niliuona mrefu kupita kiasi.

Mama yangu alikuwa kinyume changu kabisa. Alikuwa mkaguzi wa vyuma katika gereji ya mabasi, hatua chache kutoka shuleni kwetu. Kazi yake ilikuwa kutafuta nyufa ambazo macho hayazioni, tena bila kukikata wala kukivunja chuma chenyewe. Mafundi wenzake walimtania wakimwita Daktari, kwa kuwa aliwapima wagonjwa wake bila kuwapasua. Kila siku baada ya masomo mimi na mdogo wangu wa darasa la tatu tulipitia gerejini, tukafanya mazoezi ya shule kwenye benchi lake, kisha tukarudi nyumbani sote watatu.

Dawa zake zilikuwa kwenye makopo matatu ya kupuliza. La kwanza lilikuwa la kusafishia, la kuondoa mafuta na uchafu wote. La pili lilikuwa na dawa nyekundu. Mama alikipulizia chuma dawa hiyo, akakiacha kwa dakika ishirini, na katika dakika hizo dawa ilijipenyeza polepole ndani ya ufa, kama ufa upo. Kisha aliifuta ile nyekundu yote kwa kitambaa na kupuliza dawa nyeupe ya kopo la tatu, ambayo ilikauka ikawa kama vumbi la chaki. Akasubiri tena dakika kumi. Chuma kizima kilibaki cheupe. Chenye ufa kilitoa siri yake, maana wekundu uliojificha ndani ulipanda juu na kuchora mstari kwenye ule weupe. Chuma kikiwa kizima, mama alikitia nukta ya rangi ya kijani, na sikuwahi kumsikia dereva akibishana na nukta ile.

Dakika hizo alizihesabu kwa saa ya mezani ya zamani, ya mishale, yenye kengele kichwani. Saa ya mkononi hakuvaa kwa sababu dawa ziliiharibu. Ile ya mezani ilituamsha nyumbani asubuhi, kisha ikaingia kwenye mkoba wa mama na kwenda kazini.

Ijumaa moja, saa tisa kasoro, dereva wa basi la shule aliingia gerejini amebeba chuma kilichopinda kama kiwiko. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayejua jina la utani la kila mwanafunzi. Kesho yake alikuwa atupeleke milimani, wanafunzi arobaini, kutembelea bwawa la kuzalisha umeme. Mimi nilikuwamo, na mdogo wangu pia. Tulikuwa tumeisubiri safari hiyo muhula mzima, na mnajua tayari jinsi nilivyo hodari wa kusubiri.

"Dada fundi," dereva alisema, "huu ndio mkono wa usukani. Ndio unaogeuza magurudumu ya mbele. Juzi niligonga shimo, tangu hapo usukani unanisumbua kidogo. Hebu nipimie kabla sijapandisha watoto wa watu kule kwenye kona."

Mama aliukagua kwa macho, akausafisha, akaupulizia dawa nyekundu. Saa ilikuwa tisa kamili. Hapo hapo fundi mmoja akaita kutoka chini ya lori, "Daktari! Njoo utazame springi hizi, mwenye lori anang'aka huku!"

Mama aliivuta saa mbele yangu. "Mshale mrefu ukifika kwenye nne, niite. Usiguse kitu kingine. Kazi yako ni saa tu, umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mdogo wangu alikuwa uani akihesabu matairi chakavu. Mimi nilikaa peke yangu na ule mshale. Ukafika kwenye moja, ukapita kidogo. Mara nikaona kichwa cha rafiki yangu juu ya ukuta wa gereji.

"Cherehani! Umekaa tu hapo? Kiranja anaandika nafasi za kukaa kwenye basi sasa hivi! Anayewahi ndiye anayechagua!"

Kiti cha mbele, dirishani! Kutoka pale unaona barabara yote kabla ya mtu mwingine yeyote. Kilikuwa kimoja tu, na wanafunzi tulikuwa arobaini. Miguu ikaanza kukanyaga. Nikautazama mshale, ulikuwa haujasogea. Nikauangalia mkono wa usukani uliolowa wekundu. Nao ulikuwa umelala tu, hauna shida na mtu. Nikajiambia dakika sita si haba. Dawa ni majimaji, na majimaji huingia mara moja. Nikaigeuza saa, nikashika kifundo kidogo cha nyuma, nikazungusha mpaka mshale mrefu ukatua kwenye nne.

"Mama! Tayari!"

Alikuja akipangusa mikono. "Zimekwisha? Leo zimekimbia," alisema. Lakini aliitazama saa, akaiamini. Alifuta ile nyekundu, akapuliza nyeupe, na mimi sikungoja kuona. Nilitoka mbio, nikampita rafiki yangu njiani, nikafika shuleni na kukipata kile kiti.

Niliporudi nilimkuta dereva ameukumbatia mkono wa usukani, anapiga mluzi. Nukta ya kijani ilikuwa bado mbichi.

"Mzima, mama?"

"Weupe mtupu. Hakuna hata alama."

Nilipaswa kufurahi. Lakini jioni ile sikuweza kukaa, sikuweza kusimama. Nilifunga begi la safari, nikalifungua, nikalifunga tena. Mdogo wangu aliniuliza kama nimekalia sisimizi.

Asubuhi saa ilitugongea kengele kama kawaida. Tulikuwa tumekwisha kuoga na kuvaa ndipo mama alipoinua kichwa na kutega sikio kwenye redio ya jirani.

"Ajabu! Redio ndiyo kwanza inasema saa kumi na mbili, na hii yetu inasema kumi na mbili na dakika kumi na nne." Aliichukua ile saa, akaitikisa karibu na sikio lake. "Naona imeambukizwa na wewe, Cherehani. Nayo imeshindwa kutulia."

Mdogo wangu alicheka mpaka akamwaga chai. Mama naye alicheka. Mimi nilijifanya natafuta soksi chini ya kitanda, na soksi zote mbili zilikuwa miguuni mwangu. Mama alirudisha mshale mahali pake na kuitia saa mkobani pamoja na makopo yake, kwa kuwa baada ya kutusindikiza shuleni angekwenda kazini moja kwa moja. Njia nzima niliusikia ule mkoba ukitoa sauti, tik, tik, tik.

Basi lilikuwa limeegeshwa uwanjani, limeoshwa likameta. Wanafunzi waliimba na kusukumana mlangoni. Mwalimu Mkuu alishika karatasi ya majina na kuita mmoja mmoja. Niliingia, nikakaa kwenye kile kiti changu cha mbele dirishani, na sikukitaka tena. Mdogo wangu alikuja akisimama kwa ncha za vidole.

"Dada, niachie mimi. Dakika chache tu. Nataka kuona kona."

Mama alisogea dirishani kwa nje. Dereva naye alikuwa amekwisha panda. Akawasha injini, basi likatetemeka. "Msiwe na wasiwasi, watoto!" alitangaza. "Usukani umepimwa na Daktari mwenyewe. Leo naendesha roho kwatu!"

"Mshike mkono mdogo wako mkifika bwawani," mama aliniambia. Alikuwa anatabasamu. "Nawe utulie, mwanangu, angalau siku moja."

Nilijaribu kuitikia. Kilichotoka kilikuwa kilio.

"Mama, lisiondoke! Niliisogeza saa! Jana niliisogeza mbele!"

Nyimbo zikakatika. Mama hakupiga kelele. Uso wake ulibadilika tu, nikatamani kama angenipiga kofi yaishe.

"Uliisogeza dakika ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne," alirudia polepole, na nikaona ameikumbuka redio ya jirani. Alizunguka mpaka mlangoni kwa dereva. "Kaka, zima gari."

"Dada fundi, tutachelewa. Kule bwawani wanatungojea..."

"Zima. Watoto wote washuke."

Dereva alizima. Mama alitandika gunia chini, akalala chali, akaingia chini ya basi na kitambaa chake chenye dawa. Alipotoka, kile kitambaa kilikuwa na doa la kijani. Alikuwa amekwisha ifuta nukta yake.

Dereva na fundi mmoja aliyeitwa kutoka gerejini walihangaika na spana karibu nusu saa. Mkono wa usukani ukatolewa na kulazwa juu ya dawati, katikati ya uwanja. Mama akausafisha upya, akaupulizia wekundu. Kisha akatoa saa mkobani, mshale mrefu ukiwa kwenye kumi na mbili, akaniwekea mapajani mbele ya watu wote.

"Leo utazihesabu zote."

Sijawahi kukaa dakika ndefu kama zile. Wenzangu waliniangalia kwa jicho baya. Mmoja alisema, "Yote haya kwa ajili ya Cherehani na ukorofi wake." Kiranja alisema heri angempa mtu mwingine kile kiti. Mwalimu Mkuu alitembea kutoka mlingoti wa bendera mpaka mlangoni mwa ofisi, akarudi, akatembea tena. Dereva aliivua kofia, akaivaa, akaivua. Nilitaka kuruka, kukimbia, kujificha nyuma ya vyoo. Nilibana magoti yangu kwa viganja na kuutazama ule mshale. Ulipofika kwenye moja na kupita kidogo, nikajua kwamba jana ni hapa nilipoishia. Nikaona jinsi safari iliyobaki ilivyokuwa ndefu, na nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

"Mama, tayari. Ishirini."

Alifuta ule wekundu taratibu, akapuliza weupe. Tukaanza kusubiri dakika kumi nyingine. Hakuna aliyekuwa anaimba sasa. Wanafunzi walilizunguka dawati, wale wadogo wakapenya katikati ya miguu ya wakubwa. Dakika ya pili hapakuwa na kitu. Dakika ya tatu mtu akaguna, "Si mnaona? Mzima."

Ni mdogo wangu aliyeona wa kwanza, kwa kuwa macho yake yalikuwa usawa wa dawati.

"Kuna unywele," alisema.

Pale chuma kilipopinda palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama unywele kweli. Ukaongezeka unene mbele ya macho yetu. Ukarefuka mpaka ukawa sawa na kidole changu cha shahada, ukalowesha ule weupe pembeni mwake. Hakuna aliyeugusa.

Dereva aliketi chini, hapo hapo mchangani, na suruali yake safi ya safari. "Kule kwenye kona," alisema. Akajifuta uso kwa kofia. "Kule kwenye kona ningeshika usukani, magurudumu yasigeuke."

Mwalimu Mkuu alikunja karatasi ya majina na kutangaza kwamba safari imeahirishwa mpaka Jumamosi ijayo. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Mdogo wangu alikuja akanishika mkono bila kuambiwa.

Ndipo mama aliposimama mbele yetu. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye kucha.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Kazi hii ni yangu, na dakika zile zilikuwa zangu kuzilinda. Sikupaswa kumwachia mtoto. Hata jana niliona muda umekimbia, nikapuuza." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu, sikiliza vizuri. Ulitaka kiti, ukaidanganya saa. Ukanidanganya mimi, nikamdanganya dereva bila kujua, naye akawaambia watoto hawa wasiwe na wasiwasi. Sote tulidanganyika. Chuma peke yake ndicho hakikudanganyika. Ufa ulikuwepo jana, ulikuwepo usiku, ulikuwepo asubuhi hii ukikungoja wewe useme."

Nililia. Sikujali nani ananiona.

"Lakini umesema," mama aliendelea. "Umesema mbele za watu, basi likiwa bado limesimama. Ndiyo maana leo ninawahesabu nyote arobaini mmetimia. Kazi inayotaka dakika ishirini ipeni dakika ishirini, watoto wangu. Na mkikosea, semeni mapema, hata kama mtachekwa."

Wiki iliyofuata dereva alileta mkono mpya wa usukani. Mama aliupulizia dawa nyekundu saa tisa kamili, akavuta kiti, akakaa mwenyewe mbele ya saa. Nilidhani sitaaminiwa tena maishani. Lakini baada ya kitambo alisogea upande mmoja na kupigapiga nafasi iliyobaki pembeni mwake.

"Njoo tuzihesabu pamoja," alisema.

Nikakaa. Miguu ilicheza, sitasema uongo. Lakini mikono yangu niliiweka juu ya benchi, mbali na saa, na mshale ukaenda kwa mwendo wake mpaka ukafika kwenye nne.