Mgomba Uliovaa Shati la Beno

Mume wangu Beno alifanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka, nje kidogo ya mji wetu wa Ifakara. Magari ya kunyonya vyoo yalimwaga huko, naye aliondoa utando juu ya maji kwa reki ndefu. Kabla ya kupanda tuta alipiga ishara ya msalaba, ndiyo maana wenzake walimwita Padri wa Majitaka.

"Padri, leo unambatiza nani?" Anselim, mwenzake wa zamu, alizoea kumtania.

"Wewe. Maji yapo tele."

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, Anselim alikwenda kulifungulia gari geti. Aliporudi, reki ilikuwa imelala juu ya tuta. Buti za Beno zilisimama kando yake, zimepangwa vizuri. Beno hakuwepo.

Wenzake walipitisha kulabu bwawani siku tatu. Hawakupata kitu. Mimi nilikaa tutani na rozari, nikiomba jambo moja tu: nipewe mwili, nimwoshe, nimzike.

Siku ya nne shemeji yangu Egidius, kaka yake Beno, alileta kipande cha mgomba. Wazee wao wa upande wa Mahenge, mtu akipotelea majini, huzika mgomba badala yake ili msiba uishe.

"Shemeji, uvalishe shati lake," alisema. "Kisha uite kwa jina. Mke asipoita, mgomba unabaki mgomba."

"Na kama yuko hai?"

"Siku nne kwenye maji yale, shemeji?"

Moyo wangu ulikataa. Lakini nilikuwa nimechoka kulia bila kaburi. Nikauvalisha mgomba shati la bluu, nikafunga vifungo vyote, nikasema, "Beno." Tukauzika ndani ya jeneza, tukajengea kwa saruji. Kila Jumapili baada ya misa nilipita pale nikasali, "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Mwezi wa kumi bwawa lilikaushwa ili tope litolewe. Anselim alinifuata nyumbani. Hakunisalimia.

"Dada Konso, njoo uone. Usije peke yako."

Nilikwenda na Egidius. Katikati ya tope lililopasukapasuka kulilala kitu kirefu, kimevaa shati la bluu. Vifungo vyote vimefungwa. Niliinama, nikafuta tope.

Ulikuwa mgomba.

Egidius alikaa chini. Akanong'ona, "Sasa kule tulimzika nani?"

Kibali cha kufukua kilichukua wiki nzima. Kaburi lilifunguliwa mchana, jua likiwaka. Saruji haikuwa na ufa. Misumari ya jeneza ilikuwa vilevile tulivyoigongelea. Mfuniko ukainuliwa.

Alikuwa Beno.

Hakuwa ameoza. Ndevu zilimfika kifuani. Mbavu zilihesabika. Nilimshika mkono. Viganjani alikuwa na malengelenge mabichi. Nikaweka sikio kifuani. Kimya.

Lakini kifua kilikuwa na joto.

Daktari aliyetumwa kusimamia ufukuaji alimpima mara mbili. Alisema huyu mtu amekufa asubuhi ya leo. Kisha akakataa kuliandika neno hilo.

Wiki nzima nilikuwa nimekaa nyumbani, nikingoja karatasi ya kibali.

Niliomba maji. Nilimwosha mwenyewe, kama nilivyokuwa nimemwomba Mungu. Watu walisimama mbali. Miguu yake ilikuwa na tope jeusi hadi magotini, tope la shambani, bado bichi. Nililiosha polepole. Miezi minne nilikuwa nimemwombea apumzike.

Kati ya vidole vya mguu wa kushoto nilitoa mche wa mpunga. Ulikuwa wa kijani, mizizi inadondosha maji. Nilimwonyesha Anselim.

Aliutazama bila kuugusa.

"Dada," alinong'ona, "bonde lote ni kavu. Hakuna aliyemwaga mbegu bado."