Mbegu za Juu ya Meko

Kila asubuhi kabla ya shule Adeke aliteka maji, akafagia ua na kuwafungulia mbuzi. Wiki hiyo aliongeza kazi ambayo hakutumwa na mtu: kuinama nyuma ya mtungi, kufunua kitambaa chenye unyevu na kutazama kama mbegu za soya zimeota. Akiona bado, alitoka akafagia mahali alipokwisha kufagia, kisha akarudi kutazama tena.

Ilikuwa Machi 1964, na mvua za kwanza zilikuwa zimeanza katika vijiji vilivyo kati ya Tororo na Busia. Kila nyumba ilikuwa mbioni kupanda. Katika nyumba ya Emojong, baba yake Adeke, haraka hiyo ilikuwa na sababu nyingine, nayo ni Okanya, mtoto wao mdogo. Miguu yake ilikuwa imevimba na nywele zimekuwa hafifu, za rangi ya kahawia. Muuguzi alieleza kwamba hiyo ni kwashakoo: tumbo linajazwa muhogo, lakini mwili haupati cha kuujenga. Alisema uji wake utiwe unga wa soya. Bwana shamba akampa Agwang, mama yao, mfuko mmoja wa mbegu na kumwonya kwamba zisipate joto kali. Kijijini hapakuwa na mwingine mwenye mbegu hizo.

Siku Agwang alipomrudisha Okanya kwa muuguzi, alimwachia Adeke mfuko ule. Azianike mbegu kwenye jua la asubuhi tu, akae hapohapo kufukuza kuku. Lakini wasichana wenzake walikuwa wakicheza netiboli uwanjani, na filimbi ilisikika mpaka uani. Adeke hakuweza kutulia. Aliufunga mfuko, akautundika juu ya meko, mahali ambapo kila nyumba kijijini hutundika mbegu za mahindi ili moshi uzuie wadudu. Alijiambia kwamba soya nayo ni mbegu.

Hakukumbuka kwamba siku hiyo bibi yake angekaanga unga wa wimbi uliochachuka, wa kutengenezea pombe ya watakaokuja kulima. Moto uliwaka mchana kutwa. Adeke aliporudi, mfuko ulikuwa wa moto hata haushikiki. Aliuteremsha, akaupeleka chumbani, akanyamaza. Mbegu zilikuwa za manjano na za mviringo, vilevile kama mwanzo. Kwa macho, hapakuwa na kosa lolote. Ndiyo maana alichukua mbegu kumi kwa siri na kuzifunika kwa kitambaa, kama walivyofundishwa shuleni.

Asubuhi ya kupanda, tatu zilikuwa zimetoa mzizi mweupe. Saba zilikuwa zimeoza.

Nje, jirani yao Ogwang alikwisha kuwafunga maksai nira. Wingu lilikuwa limejaa upande wa ziwa na kila mtu aliharakisha. Adeke aliingia ndani, akatoka, akaingia tena, hadi Ogwang akacheka na kusema kwamba maksai wake wana mwendo mmoja tu lakini binti huyu ana mitatu, basi afungwe yeye plau.

Agwang alimjaza mbegu viganjani, akamwambia amfuate. Adeke alitazama mbegu, akatazama udongo. Zikishafukiwa, hakuna atakayejua. Watasema ni ndege, au bwana shamba aliwapa mbegu mbovu. Kisha alimtazama Okanya aliyeketi kwenye mkeka kando ya shamba. Nzi alikuwa ametua karibu na jicho lake, na mtoto hakuinua hata mkono.

"Mama, tusipande," Adeke alisema. "Mbegu zimeungua."

"Zimeungua wapi? Mbona naziona nzima?"

Adeke alikimbia kuleta kitambaa. Alieleza yote, na netiboli pia. Ogwang aliwasimamisha maksai. Emojong aligeuza mbegu zilizooza kwa kidole, akasema netiboli imekwisha mpaka mavuno, na palizi yote ya soya ni ya Adeke peke yake. Adeke alijibu, "Ndiyo, Baba."

Agwang ndiye aliyefikiri upesi. Kwa kuwa nyingi zilikuwa zimekufa, kupanda moja moja katika shamba zima kungeacha mapengo matupu. Alimwambia mumewe shamba lile lipandwe mtama. Soya wataipanda katika kipande kidogo karibu na nyumba, wakitia mbegu kadhaa katika kila shimo. Walimaliza matone ya kwanza yakianguka.

Soya ilipovunwa haikuwa nyingi, lakini ilitosha uji wa Okanya na akiba ya mbegu. Kufikia Septemba miguu yake ilikuwa imenywea, na alikuwa akifukuza vifaranga uani.

Asubuhi moja Agwang alimpa Adeke ile akiba aianike.

"Moto uliziua mbegu, Adeke, na moto huo aliuwasha bibi yako, si wewe," alisema. "Kosa lako lilikuwa kuacha ulichotumwa, na baya zaidi ni kulificha. Ungenyamaza hadi tufukie, tungepoteza na mvua pia. Ukikosea, sema wakati bado kuna la kufanya."

Adeke alitandaza mbegu, akaketi kando yake na fimbo ya kufukuzia kuku. Filimbi ililia uwanjani. Miguu yake ilitikisika, lakini hakuinuka.