Mshono Nyuma ya Rimu

—Fundi, hizi rimu ni za aina gani? Na thamani yake ni kiasi gani?

Mteja, dada mmoja mcheshi, alikuwa ameegemea gari lake la spoti la buluu. Fundi ni mimi, mwanamke peke yangu kwenye karakana hii, na kwa rimu za zamani wanaume wote hapa hawaniwezi.

—Kwa mbele siwezi kukwambia, dada. Watu wanazipaka rangi kila siku. Ngoja niifungue niisome mgongoni.

—Mume wangu anazipenda kuliko mimi! Kimepotea kifuniko kimoja cha katikati. Kesho ni siku yake ya kuzaliwa, nataka nimshtukize. Hajui kama niko hapa.

Nikapiga jeki, nikafungua nati, nikaigeuza ile ya nyuma na kuifuta vumbi la breki. Namba zikatokea: upana, kipenyo, mwaka. Ina miaka zaidi ya thelathini, na si kopi. Nilikuwa nafungua mdomo nimtajie bei, nikauona mshono wa kuchomelea, mfupi, umepinda mwishoni.

Mungu wangu! Mshono ule ni wangu. Niliuchomelea kwa mkono huu huu, kwenye rimu ya gari jeupe aliloniachia marehemu baba, leo limepakwa buluu. Mwaka jana mchumba wangu aliliazima, akarudi kwa miguu analia eti limeibwa. Na mimi mjinga nikambembeleza! Harusi yetu ni Jumamosi hii.

—Fundi, mbona unaikodolea macho? Ni feki?

—Ni halisi, dada. Zikikamilika nne na vifuniko vyake, zinashinda bei ya injini. Mumeo alilipata wapi gari hili?

—Alininunulia tulipotimiza miaka sita ya ndoa.

Miaka sita! Nikatoa simu, nikapiga, nikaweka spika.

—Usiseme neno, dada. Sikiliza tu.

—Haloo, malkia wangu!

Mteja akaitambua sauti ya mumewe, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

—Mpenzi, polisi wamefikia wapi na gari la baba lililoibwa?

—Ah, mama, mbona unajitonesha kidonda? Asubuhi nilikuwa kituoni, hakuna kitu. Lisahau, tufikirie harusi.

—Harusi ya nani?

Mteja alishindwa kuvumilia.

—Nani huyo?

—Mkeo! Gari limepatikana, mume wangu. Liko kwa mwenyewe.

Simu ikakatwa. Dada wa watu akaniwekea funguo kiganjani, akaketi juu ya tairi, akalia. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nikaketi kando yake.

—Gauni lilishashonwa? akaniuliza.

—Lilishashonwa.

—Pole, mdogo wangu.

Mara simu zetu zikalia kwa pamoja. Kila mmoja akasoma yake, kisha tukaonyeshana. Ujumbe ulikuwa mmoja, neno kwa neno:

“Mpenzi, usimsikilize huyo mwanamke, ni kichaa. Moyoni mwangu uko peke yako.”