Kikomo Alichoweka Abdulnasir

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kuiogopa mashine kwa sababu imenyamaza? Sisemi kuunguruma, ikiunguruma kila mtu anaiogopa. Nasema kunyamaza. Basi tulia nikusimulie yaliyompata Asmahan, binti wa Bi Sikuzani wa mtaa wa Sparkbrook, huku ughaibuni, na uniache nianzie dukani, maana mambo yalianzia huko.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mvua ya rasharasha, na Ladypool Road imefurika. Kina mama walikuwa wakichagua bamia nje ya maduka, magari yamesimama mistari miwili, na harufu ya nyama ya kuchoma imechanganyika na ya makoti yaliyolowa. Asmahan aliingia kwenye duka la vifaa vya kompyuta amevaa abaya ya kijivu yenye kifungo kimoja kikubwa cha lulu shingoni, na mtandio rangi ya komamanga. Mkononi alishika waya wenye kichwa kilichopinda. Kabla hajafika kaunta alikuwa ameshatazama nyuma mara mbili.

Fundi alikuwa mwanamume mrefu, sweta lake la bluu limetoboka kiwiko, vidole vina alama ndogondogo za kuungua. Aliupokea waya, akaugeuza.

"Huu ni wa skrini gani, dada?"

"Ya kuchezea gemu. Inaonyesha picha mia na arobaini na nne kwa sekunde."

"Kwa waya huu?"

"Kwa huo huo."

"Basi hizo mia na arobaini na nne hujaziona hata siku moja. Umekuwa ukiona sitini."

"Miezi minane nimekuwa naona sitini?"

"Pole. Ukitaka tukae matanga, kiti kipo."

Asmahan akacheka, kisha akajishangaa kwamba amecheka. "Wewe mtu wa wapi?"

"Baba wa Mkunazini, mama wa Wete, mie wa hapa hapa Sparkbrook. Abdulnasir. Na usitazame mlango, hakuna anayeingia ila baridi."

Kumbe ameona. Lakini hakuuliza, na Asmahan alishukuru kwamba hakuuliza.

Sasa nikwambie alichokuwa akikitazama. Mwaka juzi Asmahan alikuwa mchumba wa Faisal, mtu wa Great Barr, mpole, mwenye maneno matamu. Siku moja wamekaa, Faisal akamtajia kila duka aliloingia wiki ile, moja baada ya jingine, na dakika alizokaa ndani ya kila duka. Alikuwa amemtilia kitu cha kumfuatilia kwenye simu. "Nimekuwekea ulinzi tu," alisema, tena kwa tabasamu. Uchumba ulivunjika, simu ikabadilishwa, lakini hofu ilibaki mwilini. Mahali pekee ambapo Asmahan alipumua ni kwenye gemu yake ya kuvamia ngome, alasiri akitoka kazini kwenye duka la dawa. Huko alikuwa mpiga upinde, na hakuna aliyemjua sura.

Siku ile dukani walipeana namba, na Abdulnasir akawa anapiga simu kila saa ya chakula cha mchana.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula sandwichi."

"Hiyo si kula, hiyo ni kutafuna karatasi."

Jumapili walipanda basi namba hamsini mpaka Moseley wakanywa chai. Asmahan kila mara alichagua kiti cha kugusa ukuta, na Abdulnasir kila mara alimwachia bila neno. Alilelewa hivyo yule. Kwao kuuliza-uliza ni ufedhuli, na mtu mwema ni yule anayekufanyia jambo kabla hujalitaja.

Siku moja Asmahan alimlalamikia kwenye simu. "Nasir, kwenye mapigano mkono wangu unachelewa. Nabofya sasa, mshale unatoka baadaye."

"Mama akipika chapati, nani anasukuma?"

"Mimi."

"Na yeye yuko kwenye chuma. Ukisukuma haraka kuliko anavyochoma?"

"Zinarundikana."

"Ehe. Na anayoichoma sasa ni ile uliyoisukuma zamani. Kompyuta yako ndivyo inavyofanya, inakuonyesha bofyo lililokwisha poa. Ukiiwekea kikomo ikatoa picha kadiri chuma kinavyoweza, kila unachokiona ni cha moto."

"Na ule mkato unaopita katikati ya skrini?"

"Skrini ndiye mlaji. Ukimletea sahani mpya hajamaliza ya kwanza, anakula nusu ya hii na nusu ya ile. Kwa hiyo kikomo unakiweka chini kidogo ya mia na arobaini na nne, asije akazidiwa."

"Wewe una njaa."

"Nina njaa tangu asubuhi. Nikuwekee hicho kikomo?"

"Tutazungumza siku nyingine," alisema Asmahan, na mazungumzo yakahamia kwenye chapati za kweli.

Mwezi wa pili kompyuta ikaanza kulia kama mashine ya kukaushia nguo. Asmahan akampelekea Abdulnasir aipanguse vumbi, na nywila akamwandikia kwenye karatasi ili ajaribu kama inawaka. Kuiandika tu kulimchukua dakika nzima.

Jumanne alasiri aliirudisha mezani kwake, akaiwasha, akafungua gemu. Ikanyamaza. Feni hazikulia. Pembeni juu ya skrini ile namba ya picha, ambayo siku zote ilirukaruka mia mbili, mia mbili na thelathini, mia na sabini, ilisimama pale pale. Mia na thelathini na nane. Akakimbia uwandani: mia na thelathini na nane. Akageuka ghafla: mia na thelathini na nane. Akaondoa mkono kwenye kipanya. Mtu alikuwa ameingia humu ndani.

Akapiga simu.

"Nasir, nani kaingia kwenye kompyuta yangu?"

"Mimi, mpenzi. Si umeniletea?"

"Nimekuletea vumbi."

"Aa, hiyo." Sauti ilikuwa ya mtu anayengoja kusifiwa. "Nimekuwekea kikomo. Nilitaka ukifungua ushangae."

Nimekuwekea. Neno lile lile la Faisal, kwa upole ule ule.

"Umeweka nini kingine?"

"Kingine kipi? Asma, unanitisha."

"Anayetishika ni mimi," alisema, akakata, akaifungia namba yake.

Aling'oa waya ukutani. Akaifunika skrini kwa kanga, akaona haitoshi, akaongeza na taulo. Bi Sikuzani aliporudi sokoni alimkuta bintiye ameketi kwenye ngazi, viatu miguuni, mkoba begani, kama anayengoja gari.

Hayo hayajapoa, Alhamisi Bi Sikuzani akaingia chumbani na bahasha imefungwa kwenye leso nyeupe.

"Kuna wazee walikuja adhuhuri. Mjomba wa kijana mmoja, Abdulnasir. Wameleta posa." Akamtazama usoni. "Mbona umebadilika rangi, mwanangu? Unamjua?"

"Namjua."

"Alikwambia?"

"Hakuniambia kitu. Hakuniuliza kitu, mama. Hakuniuliza."

Bi Sikuzani aliiweka bahasha juu ya godoro. Akakaa kando ya bintiye, akaishika mikono yake yote miwili.

"Ile barua ya kwanza, ya Faisal, niliijibu siku ile ile," alisema taratibu. "Nilifurahi, nikakimbilia. Hii itakaa kabatini. Ndiyo yako, hapana yako. Mimi sina ulimi mpaka useme wewe."

Usidhani Asmahan hakumpenda Abdulnasir, hasha. Kama angekuwa hampendi angekataa akalala usingizi. Alimpenda, na ndiyo maana aliogopa, kwa kuwa moyo wake uliwahi kumpenda na yule wa kwanza pia.

Jumamosi kazini, Brigid, Mkenya waliyepanga naye dawa rafu moja, akamsogelea na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Usinikasirikie. Mimi nilienda tu kubadilisha kioo cha simu. Huyo jamaa wako anakaa ni kama amefiwa, aki. Nikamwambia kidogo juu ya Faisal."

"Umemwambia, Brigid?"

"Kidogo, nimesema. Akaweka simu yangu chini, nikaskia vibaya. Halafu akaandika hii. Usiposoma nitasoma mimi kwa sauti, na wateja wako hapa."

Karatasi ilisema hivi:

*Asmahan, nimegusa kisichokuwa changu. Nyuma ya karatasi nimekuandikia hatua nne za kuondoa nilichokiweka. Ya tano, badilisha nywila. Usiniamini mimi. Cheza bila kikomo, cheza na kikomo, mkono wako uamue. Sitakuja kwenu wala kazini kwako. Jumatatu baada ya alasiri mjomba atakuja kuichukua barua, usipate tabu ya kuijibu.*

Aliisoma mara tatu. Faisal hakuwahi kumwonyesha njia ya kuondoa kitu.

Jumapili mchana akaondoa taulo, akaondoa kanga. Alipoiwasha, kila sauti ya mlango wa jirani ilimrusha. Kwanza akabadilisha nywila. Kisha akafuata hatua moja moja mpaka kikomo kikatoka, na feni zikaanza kelele zao. Uwandani namba ilipanda mpaka mia mbili na thelathini, mkato ukipita katikati ya picha. Akaenda kwenye lango la ngome, wanapokusanyika watu hamsini na moto juu, na namba ikaporomoka mpaka mia na ishirini na moja. Mshale ukachelewa kama siku zote.

Akarudisha mia na thelathini na nane. Uwandani ikawa laini kama maziwa. Langoni ikashuka tena mpaka mia na ishirini, na mkono ukawa mzito pale pale anapouhitaji uwe mwepesi.

Akachukua kalamu na boksi tupu la dawa, akaandika. Mia na thelathini. Mia na ishirini na tano. Mia na ishirini. Kila mara alirudi langoni akapigana, akakufa, akafufuka, akasikiliza kidole chake. Alipofika mia na kumi na sita, uwanda na lango vikawa kitu kimoja. Namba haikutikisika hata watu walipokuwa hamsini. Alibofya, mshale ukatoka. Kompyuta ilinyamaza, na chini jikoni akasikia mama yake anachunga unga.

Kwa hiyo Abdulnasir alikuwa amekosea. Aliipimia skrini, hakumpimia Asmahan. Hakujua anacheza gemu gani wala anapigania wapi, na angeuliza angejua.

Jumatatu Asmahan aliomba kutoka kazini mapema. Alivaa abaya nyeusi isiyo na pambo, akaenda kwa miguu mpaka dukani kwa Abdulnasir, na Stratford Road nzima alihesabu nguzo za taa ili miguu isirudi nyuma. Abdulnasir alipomwona alinyanyuka kitini, akarudi hatua mbili mpaka mgongo ukagusa rafu. Akainyosha mikono yake wazi mbele, mahali Asmahan anapoweza kuiona.

"Ulikosea," alisema Asmahan.

"Najua."

"Hujui. Si mia na thelathini na nane. Ni mia na kumi na sita."

Akakunja uso. "Mia na kumi na sita? Mbona chini hivyo, skrini yako inaweza..."

"Mimi napigana langoni, Nasir. Watu hamsini na moto. Pale kompyuta yangu haifiki mia na thelathini na nane hata ikijinyonga. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," alisema. "Nyumbani kwetu mtu akiuliza anaambiwa hana macho. Barua nayo nilishamkabidhi mjomba kabla hujanifungia namba, nikaona ikufikie tu kama zawadi."

"Ilinifikia kama kufuli."

Abdulnasir alitazama saa ya ukutani. "Mjomba ameshatoka msikitini. Anakwenda kwenu sasa hivi kuichukua."

Hapo ndipo hofu ya Asmahan ilipogeuka upande. Tangu Alhamisi aliogopa barua ile kukaa kwao. Sasa alimwona akilini yule mzee kwenye kizingiti, Bi Sikuzani akifungua kabati, leso nyeupe ikitoka mlangoni.

"Mpigie simu mwambie asubiri."

"Asubiri nini?"

"Uniulize."

Duka lilikuwa na mteja mmoja, bwana Ranvir, kinyozi wa duka la jirani, ambaye hajui Kiswahili lakini aliirudisha chaja aliyoishika, akatoka nje polepole. Abdulnasir alipiga simu, akasema maneno mawili, akaiweka chini.

"Asmahan," alisema, "unataka tuoane, au hutaki? Ukisema hutaki, mjomba anaingia, anaichukua, na mimi sitakutafuta."

Alingoja. Nyuma ya Asmahan mlango ulifunguka kwa upepo, baridi ikaingia, naye hakugeuka kuutazama.

"Nataka," alisema. "Nilitaka zamani. Nilikuwa nangoja mtu aniulize mimi."