Majivu ya Chini

Siku hiyo fundi seremala alifunga karakana kabla jua halijazama, akarudi nyumbani kuzoa majivu. Mkewe, muuguzi, alikuwa amemwachia maagizo mlangoni huku akifunga kamba za viatu: jiko limejaa, moshi unarudi ndani, na jana mtoto hakupumua vizuri. Akirudi zamu asubuhi akute halijasafishwa, majirani watasikia. Fundi alicheka, ingawa alijua mkewe hana utani likija suala la kifua cha mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sita na pumu aliyozaliwa nayo. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, isipokuwa siku zile kifua kilipombana. Siku hizo nyumba nzima ilinyamaza pamoja naye.

Walikuwa na wiki tatu tu humo ndani. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye kuta nene, na jikoni lilikaa jiko kubwa la kuni, la chuma, bomba lake la moshi limepenya hadi juu ya paa. Mwenye nyumba, bibi mmoja mkavu wa maneno, aliwakabidhi funguo kwa sharti moja. Majivu yenu zoeni, alisema, ila yale ya chini kabisa yaliyogandamana, myaache yalivyo. Fundi aliitikia sawa, mama, na moyoni akasema huo ni uvivu wa wapangaji waliopita, umevishwa koti la sharti.

Maana fundi alikuwa na ugonjwa wake na yeye. Hakuweza kuacha kazi nusu.

Alimvutisha Chiriku dawa yake mara mbili, kisha kile kichupa akakitumbukiza kwenye mfuko wa shati pamoja na penseli, kama alivyotumbukiza kila kitu. Akamweka chumbani na karatasi za kuchora. Akamfungulia dirisha apate hewa safi, akamwambia asitoke mpaka aitwe.

"Hata nikiona kiu?"

"Hata ukiona kiu. Vumbi likikuingia, mama yako atanilaza nje."

Kisha akaingia jikoni na kujifungia. Miaka ishirini ya randa na msasa ilikuwa imemfundisha kwamba vumbi halifukuzwi, linabembelezwa. Akafunga dirisha. Akaloweka taulo kuukuu, akaliziba nalo pengo la chini ya mlango. Tundu la ufunguo akalisokomeza karatasi. Akatandika magazeti yaliyolowa mbele ya jiko, akajifunga kitambaa chenye maji puani na mdomoni, akanyunyizia majivu matone machache kwa vidole, kama mtu anayenyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi.

Akaanza kuchota. Kibeleshi alikishusha mpaka chini ya ndoo ya bati, akakiinamisha taratibu, akakitoa, akafunika. Tena na tena. Hakuna hata chembe iliyoruka, na fundi alitamani mkewe angekuwepo aone.

Akang'oa wavu wa chuma. Chini yake ndipo palipokuwa na yale ya sharti. Yalikuwa magumu, yamekaa kama plasta. Akayagonga kwa kidole.

Yalilia kama kitu kilicho wazi ndani.

Hapo angefunika ndoo yake akanawe mikono. Wewe na mimi tungefanya hivyo. Lakini fundi alichukua patasi, akaipenyeza ukingoni, akabenua. Tabaka likabanduka kama ukoko wa sufuriani, likavunjika vipande vitatu mkononi mwake.

Chini yake kulikuwa na majivu meupe, laini kuliko unga. Akayagusa. Yalikuwa na joto... na jiko halikuwashwa tangu jana asubuhi. Harufu iliyopanda haikuwa ya moshi. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi.

Akatia kibeleshi.

Hiii...

Alijua sauti ile. Ilikuwa pumzi ya Chiriku kifua kikimbana, ule mluzi mwembamba ambao yeye na mkewe waliamka nao usiku hata wakiwa usingizi mzito. Ila ilitoka ndani ya jiko.

Majivu yakainuka. Hakukuwa na upepo, na hayakutawanyika kama vumbi la kawaida. Yalitoka kwa mdomo wa jiko kama shuka linalovutwa, yakaelea, yakaenda mlangoni. Yakapita kwenye fremu, juu hadi chini, pole pole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Yakafika kwenye tundu la ufunguo, yakasukuma karatasi. Yakashuka kwenye taulo.

Fundi akachota maji kwa kopo, akayamwagia. Maji yalipita katikati, yakaanguka sakafuni safi kabisa.

Aliogopa. Akatamani kutoka tu, akaunyoosha mkono kwenye kitasa. Majivu yote yakageuka, yakaukimbilia mkono wake, yakaukumbatia, yakasubiri.

Akautoa mkono haraka. Alikuwa ameelewa. Kitu hiki kilikuwa kinangoja afungue.

Akatazama dirisha. Dirisha la chumba cha mtoto lilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, kwenye ukuta uleule, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliacha wazi.

"Baba..."

Sauti ilitoka upande wa pili wa mlango, chini, kama ya mtu aliyekaa sakafuni.

"Rudi chumbani, mwanangu."

"Kifua kinanibana."

Fundi akajishika mfukoni. Kichupa kilikuwa pale, na penseli yake.

Akasikiliza. Hiii, nje ya mlango. Hiii, ndani ya jikoni. Pumzi mbili zilikwenda pamoja, na kila ile ya nje ilipopungua, ile ya ndani ilizidi nguvu. Kitu kilikuwa kinamnywa mtoto wake kupitia ubao wa mlango, na fundi kujifungia nacho mle ndani hakukumwokoa. Kumfungulia kungemmaliza. Angeweza kumsukumia kichupa chini ya mlango, nafasi ilikuwepo, lakini ilibidi kwanza aondoe taulo.

"Baba, fungua..."

"Nakuja," alinong'ona. "Vuta pole pole. Nakuja."

Hakuwa na pa kwenda. Akahema kwa nguvu, na hapo akahisi kitu usoni. Majivu yalikuwa yameacha mlango, yamejaa juu ya kitambaa chake, yanakuna, yanatafuta uzi ulioachia. Akabana pumzi. Yakarudi mlangoni. Akahema tena. Yakaja tena.

Yalifuata pumzi. Hayakujali ni ya nani.

Nje, mluzi ulikuwa umekatika. Sasa kulikuwa na kucha tu, zikikwaruza ubao.

Fundi alivua kitambaa.

"Njoo," alisema. "Njoo huku."

Akapanua mdomo, akavuta.

Hayakuwa na ladha. Yalikuwa na joto tu, yakiteremka. Akavuta mara ya pili, mbavu zikamuuma. Mara ya tatu alisikia kifua kikijaa kama gunia linaloshindiliwa, na chembe ya mwisho ikapita katikati ya meno. Akafunga mdomo.

Jikoni palikuwa safi kuliko alivyopakuta.

Akafungua mlango. Chiriku alikuwa ameegemea ukuta, midomo ya bluu. Fundi akapiga magoti mbele yake, akamwekea kichupa mdomoni, akabonyeza. Mara moja. Mara ya pili. Mtoto akavuta, akakohoa, akavuta tena, rangi ikarudi usoni pole pole. Fundi akamkumbatia, machozi yakimtoka, midomo ameibana.

Asubuhi mkewe alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akasema leo umejua kunifurahisha. Fundi akatikisa kichwa tu. Mke akadhani anaringa.

Siku ya tatu mwenye nyumba alipita kuangalia bomba la moshi. Nyuma ya nyumba alikuta vile vipande vitatu vya tabaka, vimetupwa karibu na ukuta. Akainama, akaokota kimoja. Akazungumza chini chini na fundi aliyekuwa amemfuata, akitazama mlango. Dada yake alikuwa anatibu watoto wa mtaa huu, alisema, enzi walipokuwa wanakatika pumzi mmoja baada ya mwingine. Akakikamata kilichokuwa kinawamaliza. Alikichoma siku saba ndani ya jiko lile. Hakikuungua, kilizidi kuwa chembamba tu, mwisho akakifunika kwa udongo na chumvi. Kilikuwa nini, hakuwahi kumwambia mtu.

"Yale meupe umeyamwaga wapi?" akauliza.

Fundi akaweka kiganja kifuani.

Bibi alirudi nyuma hatua tatu.

"Basi usikohoe, mwanangu," alisema. "Usikohoe."

Fundi alitaka kumuuliza mpaka lini. Lakini swali linataka pumzi, na bibi alikuwa ameshafika getini.

Tangu hapo Chiriku hajabanwa. Daktari anashangaa, mama yake anashukuru, na fundi ana furaha ya kweli, hilo lisemwe. Karakanani wanadhani amekasirika. Anaongea kwa mkono na kwa penseli, anapumulia puani, kidogo kidogo, na kazi ya msasa amewaachia wengine.

Jumapili alasiri alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani. Chiriku akampanda mapajani akipiga soga za shule, kisha akalaza sikio kifuani pake, akanyamaza. Hakuwa mtoto wa kunyamaza.

"Baba," alisema. "Kuna mtu humu ndani anapiga hodi."

Koo likaanza kumwasha.

Mtoto akainua uso, karibu kabisa na wake, mdomo wazi.

"Nimwambie karibu?"

Fundi alitikisa kichwa haraka, mara nyingi, macho yamemtoka. Mkono mmoja ukaziba mdomo wake mwenyewe, wa pili ukauwahi wa mtoto, na wakabaki wameketi hivyo huku yeye akisubiri mwasho upite.